Uliza Fundi: Hii ECC niwashe, nizime, ama niiache tu ilivyo?

Mwezi huu nilikua nimepanga kujibu maswali ya printa manake yamejaa mpaka mlangoni, lakini imekuja barua moja ndefu kuhusu seva nkaona tukiikata itakua dhambi. Printa zitangoja. Barua nimezinyoosha tahajia kidogo tu na majina nimeyatoa, kama kawaida yetu.

Swali: Asalaam aleikum kaka Fundi. Mi nafanya kazi kwa ofisi moja ya wakala wa forodha hapa mjini, si mbali na Kilindini. Kusema kweli mi si fundi wa kompyuta, ni karani, lakini kwa sababu ndio mi najua kubadilisha wino wa printa basi kila kitu chenye waya kimekua changu. Bosi amenunua seva ya mtumba iliyotoka Uingereza, ina prosesa mbili za Xeon E5 na RAM ya GB 64, yaani vipande vinne vya 16. Kazi yake ni programu ya hesabu, makaratasi ya wateja yaliyoskaniwa na rekodi za kontena. Nilipoingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashini kabla haijawaka vizuri, nkakuta menyu ya RAM ina chaguo nne, "Optimizer", "Advanced ECC", "Mirror" na "Spare", alafu chini kuna "Patrol Scrub" na "Demand Scrub". Nkaona Mirror ndio jina la kuaminika, nkaichagua nkasevu, mashini kuwaka inasoma GB 32! Bosi kaniuliza nusu ya RAM nimemuuzia nani. Nimerudisha ilivyokua lakini sasa naogopa hata kuigusa. Kaka, ECC ni nini hasa, niwashe ipi, na hili joto letu na chumvi ya bahari si ndio itaua hizo RAM kabla ya kitu kingine chochote? — Karani, Kilindini

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu, na pole kwa kesi ya wizi. Mwambie bosi RAM yake haijaenda popote. Mirror maana yake kila kitu kinaandikwa mara mbili, kwa kipande hiki na kwa pacha wake, kwa hivyo umenunua 64 unatumia 32. Si kosa, ni chaguo la watu ambao mashini yao haifai kusimama hata dakika moja. Nyinyi mkisimama dakika kumi mtakunywa chai.

Sasa ECC, yaani ujanja wa RAM kugundua makosa yake na kuyatengeneza, ntakueleza kwa kontena, manake hizo wazijua kunishinda. Namba ya kontena ina herufi nne, tarakimu sita, alafu ile moja ya mwisho ambayo mara nyingi imechorewa kiboksi. Ile ya kiboksi haikuwekwa kwa urembo, inapigiwa hesabu kutoka kwa zile kumi za mbele kwa kanuni ya ISO 6346, ndio ukikosea ukaandika 7 mahali pa 3 mfumo wakukatalia hapo hapo. Lakini angalia kitu kimoja: mfumo wakwambia umekosea, haukwambii umekosea wapi. Lazima urudi kwa karatasi ama utoke nje ukasome ubavu wa kontena.

RAM ya kawaida, hizi za laptop zetu na kompyuta za saiba, haina hata hicho kiboksi. Ndani yake kila kitu ni biti, 0 ama 1, na kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme inayovuja na kujazwa upya kila baada ya milisekunde 64 hivi. Chembe ikitoka angani ikagonga, ama umeme usiotulia, ama chipu yenyewe imechoka, biti moja yageuka. Miaka ya 1970 Intel waligundua hata vile vifaa vya kufungia chipu vilikua vikitoa chembe za alfa zinazogeuza biti, yaani adui alikua ndani ya nyumba. Na kwa kompyuta tarakimu 3 na tarakimu 7 zimeachana biti moja tu, 00110011 na 00110111, hesabu mwenyewe. Kontena yako yaandikwa 3, baada ya muda yasomwa 7, na hakuna mtu aliyegusa kibodi.

Aliyechoka na mambo haya mapema ni Mmarekani mmoja, Richard Hamming, wa Bell Labs. Alikua akiachia kompyuta kazi zake wikendi, akirudi Jumatatu anakuta imegundua kosa moja ikaitupa kazi yake ikaendelea na ya mwengine. Akajiuliza, kama mashini yajua kuna kosa, kwa nini isijue liko wapi ikalitengeneza yenyewe? Jibu lake akalichapisha 1950 na mpaka leo ndio msingi wa hii ECC yako.

RAM ya ECC kila biti 64 za data zinatembea na biti 8 za ulinzi, jumla 72. Kila biti ya ulinzi ina kundi lake la biti za data inazozisimamia, na makundi yamepangwa kwa ujanja kwamba hakuna biti mbili za data zilizo kwa makundi yale yale sawasawa. Kwa hivyo moja ikigeuka, ukiangalia makundi gani yamelalamika na yapi yamenyamaza, wamjua mwenye makosa bila kumuuliza mtu, wamgeuza arudi alivyokua, na programu haijui hata kama kulikua na jambo. Biti 7 zingetosha kwa kazi hiyo, ile ya 8 ni ya kutambua zikigeuka mbili kwa mpigo. Mbili haiwezi kuzitengeneza, yaweza kupiga kelele tu, na hapo mara nyingi mashini husimama kabisa. Watu hukasirika seva ikisimama hivyo. Mi naona afadhali isimame kuliko iendelee kuandika uongo kwa diski huku mnacheka nayo.

Haya, menyu yako. Kwa seva kama hiyo ECC yenyewe haiko kwa zile chaguo nne, ishawaka tayari, na imewaka hata ukichagua Optimizer. Hapa ndio watu hujikwaa, wanaona neno ECC limeandikwa kwa chaguo moja peke yake wanadhani zile zingine hazina kitu. Zile nne zinauliza swali jengine, kwamba juu ya ECC ya kawaida wataka kinga zaidi kiasi gani na uko tayari kutoa nini. Optimizer kila chaneli ya RAM, yaani njia yake ya kwenda kwa prosesa, yafanya kazi peke yake, wapata GB zote na spidi yote. Advanced ECC yafunga chaneli mbili zitembee kama moja, ili hata chipu nzima ikifa, si biti, chipu nzima, data bado yasomeka, na gharama yake ni spidi. Spare yaweka safu moja ya chipu kando kwa kila chaneli kama tairi ya spea, makosa yakizidi mahali data inahamishiwa huko. Mirror ushaionja.

Kabla ya kuchagua zima mashini, chomoa waya wa stima, gusa chuma cha kasha la seva kwanza kutoa umeme wa mwilini, alafu toa kipande kimoja usome stika. GB 16 za kizazi hicho nyingi zimeandikwa kitu kama 2Rx4 PC3L-12800R. Hiyo x4 ndio muhimu. Maana yake kila chipu yatoa biti 4 tu kwa wakati mmoja, na hizo Xeon E5 zikiwa na vipande vya x4 zaweza kuvumilia chipu moja nzima kufa hata ukiwa kwa Optimizer, ujanja ambao IBM waliuita Chipkill na Intel wanauita SDDC, ni uji ule ule bakuli tofauti. Stika ikisema x4 chagua Optimizer ulale. Ikisema x8, na makaratasi ya watu ndio mtaji wenu, basi fikiria Advanced ECC, kwa kazi yenu hiyo spidi mtakayopoteza sidhani kama mtu ataiona.

Patrol Scrub iwashe. Demand Scrub iwashe. Patrol ni doria kweli kweli, kontrola ya RAM yapita kila mahali pole pole, kwa kawaida mzunguko mmoja kwa saa 24, yasoma, ikikuta biti imegeuka yairudisha. Faida yake ni hii: kuna sehemu za RAM hazisomwi na programu yoyote hata wiki nzima, biti ikigeuka huko yakaa tu kimya, siku ikija ya pili pale pale sasa ni mbili na ECC ya kawaida haiziwezi tena. Doria yazifagia zikiwa moja moja. Demand nayo ni kwamba programu ikisoma kitu kikakutwa na kosa, pamoja na kupewa jibu sahihi, lile sahihi laandikwa kurudi kwa RAM, manake la sivyo kila anayesoma atakuta kosa lile lile. Kuna mafundi huzima hizi mbili ati mashini iwe nyepesi. Yakhe, kinachowachelewesha nyinyi ni skana si doria ya RAM.

Ukiona pia chaguo la kukagua RAM yote kila mashini ikiwaka, liwashe siku ya kwanza, likipita lizime, kwa sababu stima ikipotea mara mbili kwa siku na kila kurudi seva yakagua GB 64 upya, utatukanwa na ofisi nzima. Na seva ya mtumba badilisha betri ya bodi, ile bapa ya CR2032, ni bei ya chai na mahamri. Kwenye bodi nyingi betri ikifa BIOS yasahau kila kitu stima ikikatika na yarudi mipangilio ya kiwandani, wewe wadhani umewasha kitu kumbe kilijizima zamani.

Sasa kuhakikisha. Usiamini BIOS peke yake. Kama seva ni ya Linux andika hivi:

sudo dmidecode -t memory

Tafuta panaposema "Total Width" na "Data Width". Ukiona 72 na 64 vipande vyako ni vya ECC, ukiona 64 na 64 umeuziwa RAM ya kawaida. Lakini hiyo ni BIOS ikijisifu tu, bado hujajua kama Linux yenyewe inapokea ripoti za makosa. Kwa hivyo endelea, weka rasdaemon, programu ya kukusanya ripoti hizo:

sudo apt install rasdaemon
sudo systemctl enable --now rasdaemon
sudo ras-mc-ctl --status
sudo ras-mc-ctl --error-count

Ile ya tatu yakwambia kama draiva za EDAC, zile zinazoipa Linux ripoti za makosa ya RAM, zimepakiwa, na ya nne yakuonyesha kila kipande na makosa yake, CE ni yaliyotengenezwa na UE ni yaliyoshindikana. Sufuri kila mahali baada ya mwezi ni habari njema, ila tu uwe na hakika draiva iko, manake sufuri ya mtu asiyehesabu pia ni sufuri. Kwa Windows fungua PowerShell uandike (Get-CimInstance Win32_PhysicalMemoryArray).MemoryErrorCorrection alafu angalia namba inayotoka, 6 ama 5 ni sawa, 3 maana yake hakuna ECC. Makosa yenyewe Windows huyaandika kwa Event Viewer kwa jina la WHEA-Logger. Na seva yenu ina ile kompyuta ndogo ya usimamizi ndani yake, yenye sloti yake ya waya wa netiweki, nayo ina kitabu chake cha matukio, kisome pia kwa sababu seva zingine makosa hushikiwa huko chini na Linux haiambiwi kitu.

Hapa naomba nikae kidogo, manake karibu kila seva niliyoikuta hapa mjini ina ECC na karibu hakuna yenye mtu anayesoma hizo hesabu. ECC hutengeneza kimya kimya. Ni kama askari wa geti anayeandika kila kitu kwa kitabu cha OB usiku kucha, gari namba fulani, mtu kapanda ukuta, taa imevunjwa, alafu asubuhi hakuna anayekifungua. Miezi sita kipande chatengenezwa biti moja kwa siku, alafu kumi, alafu mia, kila kitu kimeandikwa, siku makosa yakiizidi ECC nguvu seva yaanguka mchana kweupe na kila mtu ashangaa "imeharibika ghafla". Ghafla gani! Weka kumbusho kwa simu yako, kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini andika ile amri moja. Yachukua sekunde mbili.

Joto na chumvi. Hapa ntakuudhi kidogo, manake sote hapa pwani twapenda kulaumu joto. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google walitoa utafiti wa makosa ya RAM kwa seva za Google zenyewe, zikiwa kazini, si kwa maabara. Walikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vilipata kosa kwa mwaka mmoja, na joto lilikua na athari ndogo mno kuliko walivyotegemea, wakishatoa hesabu ya mashini kuwa na kazi nyingi. Kitu kilichotabiri makosa vizuri zaidi ni kwamba kile kipande kilikua na makosa tangu hapo, yaani kikianza hakiachi, na umri nao una mchango wake. Kwa hivyo RAM ya mtumba yapasa kuangaliwa zaidi, na feni yako iwe safi kwa ajili ya diski na pawa saplai kama si ya RAM.

Chumvi ndio kweli. Si kwamba yageuza biti, hapana, yakula miguu. Zile meno za dhahabu za RAM zikishika utando pamoja na unyevu, mguso unakua wa kubahatisha na unapata makosa yanayofanana kabisa na chipu mbovu. Kabla ya kutupa kipande kwa sababu ya makosa kitoe, pangusa meno yake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, ngoja ikauke, rudisha mpaka usikie kimelia pande zote mbili. Wengine hutumia raba ya penseli. Yafanya kazi, lakini ile dhahabu ni utando tu, ukisugua kila mwezi utabaki na shaba. Na seva usiiweke chini ya dirisha linaloangalia bahari hata kama ndio penye upepo.

Swali: Fundi, nikiwa na ECC bado nahitaji bekapu? — Mwenye haraka, Bamburi

Jibu: Ndio. Na UPS.

Swali: Fundi wa magazeti, mimi nimeshika kompyuta tangu miaka ya tisini na sijawahi hata siku moja kuona mteja akiokolewa na hiyo ECC yenu. Nyinyi vijana mnasomewa matangazo na Wazungu mnayarudisha kwetu. RAM ikifa mashini haiwaki, unabadilisha, yamekwisha. Kuna haja gani ya kulipa zaidi? — Mzee wa Majengo

Jibu: Shikamoo babangu. Hujawahi kuona mtu akiokolewa kwa sababu aliyeokolewa na ECC hajui, mashini yake ilienda tu. Na asiyekua nayo pia hajui, hujua faili imeharibika na hulaumu diski, ama virusi, ama mtoto wa dada.

Ntakupa moja langu. Miaka kadhaa nyuma mpiga picha mmoja wa harusi, hapa hapa mjini, aliniletea kompyuta yake ya kuhifadhi kazi, picha zinafunguka nusu, nusu ya chini ni mistari ya rangi, bibi harusi hana miguu. Alikua ashabadilisha diski mara mbili kabla ya kufika kwangu. Nkachukua faili moja kubwa la picha zilizofungwa pamoja, nkalikopi mara tatu, kila nakala nkaipigia hesabu ya sha256, ambayo faili zikiwa sawa jibu lake huwa moja. Nikapata majibu matatu tofauti. Faili moja, diski mpya, waya mpya, majibu matatu! Nkaiachia memtest, programu ya kupima RAM, usiku, asubuhi skrini yote nyekundu. Kipande kimoja cha RAM. Mashini ilikua inawaka vizuri kila siku babangu, haijawahi kukataa kuwaka, na kila picha aliyoikopi kwa muda wote huo ilipitia kwa RAM ile. Harusi huwezi kuirudia.

Kuna ya Ubelgiji pia, 2003, kwenye uchaguzi wa Schaerbeek huko Brussels. Mgombea mmoja alipata kura za ziada 4,096, zikagunduliwa kwa sababu zilizidi idadi iliyowezekana. 4,096 ni mbili ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani biti moja tu iligeuka. Programu ilikaguliwa hawakuona kosa, wakabaki na maelezo kwamba biti iligeuka yenyewe kwa RAM, labda kwa chembe ya angani. Na Linus Torvalds, baba wa Linux, mapema 2021 aliwafokea Intel hadharani kwa kuifanya ECC kuwa kitu cha seva peke yake ili watu wa kawaida wasiipate, kwa hivyo hata Wazungu wenyewe hawajaelewana.

Pale ntakubali na wewe: kompyuta ya saiba, ya michezo, ya mtoto kufanyia homuweki, sitamwambia mtu alipe zaidi. Yenye hesabu za watu na dawa za watu, hapo tutabishana mpaka kahawa ipoe.

Swali: Mambo kaka. Natengeneza seva ndogo ya nyumbani ya faili, nina bodi ya AMD yenye Ryzen 5, nkasoma kwamba Ryzen inakubali ECC. Nkapata RAM za DDR4 ECC za seva kwa bei poa sana, zimeingia kwa sloti vizuri lakini mashini haiwaki, feni zinazunguka skrini nyeusi. Nimeua bodi? — Mwanafunzi, Tudor

Jibu: Hujaua kitu, umenunua ndugu wa tumbo jengine. RAM za ECC ni za aina mbili kubwa, za rejista na zisizo na rejista, na hazioani. Za rejista, RDIMM, zina chipu ya ziada katikati inayopokea amri kabla ya kuzigawa, ndio seva kubwa zaweza kubeba vipande vingi, na ndio mtumba umejaa hizo, ndio bei poa. Ryzen yataka zisizo na rejista. Kwa DDR4 zote mbili zina pengo mahali pamoja kwa hivyo zaingia bila shida na hakuna kinachowaka. DDR5, kizazi kilichofuata, wameliona hilo, pengo limehamishwa, haziingii kabisa.

Soma stika. PC4-2400T-R ama kitu chenye R hapo ni rejista, irudishe. L ni zile za seva kubwa zaidi, irudishe pia. U ni ya kawaida bila ECC. Wewe wataka E. Kama stika imebanduliwa, hesabu zile chipu nyeusi kubwa zinazofanana, ukiwacha kale kadogo ka katikati: zikigawanyika kwa 9 ni ECC, zikiwa 8 ama 16 si ECC. Kwa DDR5 hesabu yabadilika, nyingi za ECC zina 10 kwa safu. Na muuzaji akikwambia DDR5 yoyote ni ECC kwa sababu ina ECC ndani ya chipu, mwambie hiyo ni ya ndani kwa ndani, yasaidia chipu kujirekebisha yenyewe lakini hailindi njia kutoka kwa chipu mpaka prosesa, na kwa kawaida mashini yako haitaambiwa kama kulikua na kosa.

Ukipata ya E angalia pia bodi yako, manake Ryzen kukubali ni nusu ya safari, mwenye bodi lazima awe ameunganisha zile nyaya nane za ziada, bodi zingine zaisoma RAM ya ECC na kuitumia kama ya kawaida bila kukwambia. Kama prosesa yako ni zile zenye grafiki ndani za DDR4, za herufi G, mara nyingi ECC ni kwa zile za PRO pekee. BIOS yake iwashe "DRAM ECC Enable", usiiache Auto, alafu zile amri nilizompa karani hapo juu ndio hakimu. Usichanganye kipande cha ECC na kisicho, kwa kawaida bodi yazima ECC kwa wote.

Baada ya kuandika haya: nilikua nishamtumia karani wa Kilindini zile amri mapema kwa WhatsApp, manake sikutaka angoje gazeti, na jana kanijibu. Vipande vyake ni x4, yuko Optimizer, doria imewaka, GB 64 zimerudi na bosi amenyamaza. Lakini ras-mc-ctl yamwonyesha vipande vitatu vina sufuri na kimoja kina makosa 212 yaliyotengenezwa kwa siku nne tu. Nkamwambia akipanguse kwanza. Akapangusa, yakaendelea. Nkamwambia akibadilishane nafasi na mwenzake wa upande wa pili, tuone kama makosa yatabaki kwa sloti ama yatamfuata. Yamemfuata. Kwa hivyo bodi ni nzima, kipande ndio kibovu, na sasa anatafuta 2Rx4 moja ya kufanana na zile.

Ameuliza kile kibovu akipeleke wapi. Nimemwambia akichore X kubwa mbele na nyuma kwa makapeni ya kontena, ile isiyofutika, kabla hakijatoka ofisini, manake RAM mbovu katika mji huu ina tabia ya kupita sokoni ikarudi na stika mpya.